Naomba ushauri: friwili au breki ya kukanyaga kinyumenyume?

Ndugu wanachama, habari zenu.

Ninayo baiskeli ambayo sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) yake ya nyuma imeshikana na haba (kitovu cha gurudumu), hivyo pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Magoti yangu hayawezi tena miteremko ya namna hiyo, na nimeamua kuibadili, ila nimekwama kati ya njia mbili.

Kwanza nilijaribu friwili, yaani sproketi inayoacha pedali zitulie gurudumu likiendelea kuzunguka. Nilifungua ringi ya kukazia (ambayo, kinyume na mazoea, hufunguka kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa), nikatoa sproketi na kufunga friwili ya meno 16. Iliingia bila kukwaruza, lakini hesi (mikato ya kukazia) za haba ni fupi, kwa hiyo haikushika upana wake wote. Isitoshe, fremu haina tundu la breki ya nyuma. Iliyopo ni ya mbele pekee.

Njia ya pili ni haba yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, ambayo haihitaji waya, ila mkono wake hufungwa kwenye bomba la chini la kushoto la fremu. Haba niliyopata ina upana wa milimita 110, ilhali nafasi ya fremu yangu ni milimita 120, na itanilazimu kusuka gurudumu (kufunga spoku zake) upya.

Je, friwili iliyoshika hesi fupi ni salama kwa matumizi ya kila siku? Na kwa upande wa haba, je, inatosha kuweka washa (pete bapa za kujazia nafasi) za milimita 5 kila upande, endapo ekseli ina urefu wa kutosha?