Mrejesho: nilikwenda kufuturu kwa jirani

Wapendwa, niliuliza kama mimi Mlutheri, tena ndani ya Kwaresima, naweza kwenda kufuturu kwa mama wa mlango wa pili hapa Magomeni. Wengine mlinitisha. Aliyenielekeza 1 Wakorintho 10:27 ndiye aliyenisaidia: Paulo anasema asiyeamini akikualika na ukapenda kwenda, kula unachowekewa. (Hilo "asiyeamini" nisingemwambia usoni, anaswali kuliko mimi.)

Nikaenda na tikiti maji na kilo mbili za sukari. Nilifika saa kumi na moja, mapema mno, nikakalishwa kwenye mbuzi nikune nazi. Walivyonicheka! Woga ukaishia hapo. Adhana ilipolia tukaanza na tende, kisha uji wa pilipili manga, magimbi ya nazi, na tambi ambazo bado naziota.

Niliogopa maswali ya Utatu. Likaja moja tu: "Nyie si mmefunga, mbona mchana mnakula?" Nikaeleza kwa haya, maana funga yangu ilikuwa kuacha soda.

Pasaka nimemwalika. Ameuliza kuku atachinjwa na nani. Tumekubaliana achinje mwanawe.