Disney World: mpango wa chakula wa kulipia kabla una faida au tulipe tunavyokula?

BiMwana_Columbus (Agosti 2024)

Asalaam aleikum, hamjambo wote. Safari ya Disney World, Orlando, ni mwezi wa Novemba, usiku 4 kwenye hoteli yao wenyewe. Tuko watano: mimi na mume wangu, kijana wa miaka 12, binti wa miaka 7 na mdogo wa miaka 2. Ajenti anatushauri tuongeze mpango wa chakula. Kuna aina mbili. Ule wa kaunta (unaagiza na kuchukua chakula mwenyewe) ni dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto, kila usiku. Ule unaochanganya kaunta na mkahawa wa kukaa mezani ni dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto. Pombe hatunywi, na nyama isiyo halali hatuli. Wanaoijua hesabu yake naomba mnisaidie, kwa sababu ajenti anasema tu kwamba "mtaokoa".

Hesabu_Kwanza

Wa aleikum salaam dada. Kuna kitu ambacho ajenti pengine hakukwambia: Disney "mtoto" ni wa miaka 3 hadi 9. Kijana wako wa miaka 12 atalipiwa bei ya mtu mzima. Wa miaka 2 halipiwi kabisa wala hapewi pointi (pointi ndizo zinazokatwa kila mkila mlo wa mpango). Yeye atakula kwenye sahani yenu, na kwenye bafe anaingia bure. Halafu huwezi kuwanunulia wawili ukawaacha wengine. Wote wa miaka 3 na zaidi walio kwenye buking moja lazima wawe na mpango huohuo.

Kwa hiyo wa kaunta kwenu ni 57.01 mara 3, jumlisha 23.83, yaani dola 194.86 kwa usiku na dola 779.44 kwa usiku 4. Wa mezani ni dola 312.53 kwa usiku, jumla dola 1,250.12.

Sasa mnapata nini? Kwenye wa kaunta, kila mtu kwa kila usiku ana milo 2 ya kaunta na kitafunio 1, pamoja na kikombe kimoja cha kujaza soda na kahawa kwa kipindi chote cha kukaa. "Mlo" maana yake ni chakula kikuu na kinywaji, basi. Vianzio havimo, na kwenye kaunta kitindamlo nacho hakimo. Kikombe hakijazwi ndani ya bustani za michezo, ni hotelini tu. Mtu anayeondoka hotelini saa moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku atakijaza mara mbili kwa siku, akijitahidi.

Tuichambue ile 57.01. Kikombe dukani ni kama dola 22, ukigawanya kwa usiku 4 ni 5.50. Kitafunio ni kama dola 7 pamoja na kodi. Zinabaki 44.50 kwa milo miwili, yaani kila mlo ufike dola 22 na senti pamoja na kodi, au karibu dola 21 kabla ya kodi ya mauzo ya 6.5%. Soda ni kama dola 5, hivyo chakula chenyewe kinatakiwa kiwe cha dola 16. Baga na kuku wengi wa kaunta wako chini ya hapo. Hiyo bei ya mpango inakaa sawa kwa mtu atakayechukua bia au kokteli, maana wa miaka 21 na zaidi wanaruhusiwa kinywaji cha pombe kimoja kwa kila mlo bila kuongeza kitu. Ninyi hamnywi, na kijana wa miaka 12 hanywi, lakini nyote watatu mnalipa kana kwamba mnakunywa.

Kwa binti wa miaka 7 hesabu inageuka. Toa kikombe na kitafunio kwenye 23.83, zinabaki kama dola 11 kwa milo miwili, na mlo wa mtoto wa kaunta ni dola 7 hadi 9 pamoja na kinywaji chake. Kwake mnapata faida. Tatizo ni kwamba faida ya mmoja inaliwa na hasara ya watatu.

Sasa tazama mngetumia ngapi mkilipa wenyewe. Watu wazima watatu kila mmoja milo miwili ya dola 15 na maji, pamoja na kitafunio: karibu dola 39 na kodi. Binti dola 25. Jumla dola 142 kwa siku, dhidi ya 194.86. Maji baridi yenye barafu ni bure kwenye kaunta zinazouza soda za mashine, unaomba tu. Mkichukua soda kwa kila mlo mnafika kama dola 174, bado chini.

Menyu zote na bei zake ziko kwenye tovuti yao na kwenye programu ya My Disney Experience. Kaa na familia, kila mtu achague kile ambacho *angekinunua kwa pesa yake*, ujumlishe. Wengi hukosea hapo: wanachagua chakula cha bei ya juu kuliko vyote ili mpango uonekane na faida, halafu wanasema wameokoa.

Mzee_wa_Tampa

Hesabu ya Hesabu_Kwanza iko sawa. Nitagusa ule wa mezani, maana ndio unaoumiza zaidi.

Kila usiku unapata mlo 1 wa mezani, 1 wa kaunta na kitafunio 1, pamoja na kile kikombe. Toa kikombe, kitafunio na mlo wa kaunta wa dola 20 na ushei kwenye 94.28: mlo wa mezani unatakiwa uwe na thamani ya kama dola 57 kabla ya kodi. Kiwango hicho kinafikiwa kwenye bafe za usiku zenye wahusika wa katuni, Mickey na wenzake wanaopita mezani kupiga picha. Mkahawa wa kawaida, ukichukua chakula kikuu, kitindamlo na soda, mara nyingi unaishia kama dola 50. Kifungua kinywa cha wahusika nacho ni cha bei ya chini kuliko cha usiku lakini kinakata pointi ileile moja. Ukitumia pointi asubuhi umeshapoteza. Migahawa ya hadhi ya juu inakata pointi mbili kwa mtu, na hapo familia ya usiku 4 inajikuta imebaki na milo miwili tu ya mezani.

Bakshishi haimo. Chukua bafe ya watu wazima watatu wa dola 62 na mtoto wa dola 39: bili dola 225, na 18% yake ni dola 40. Mara nne ni dola 160 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Mkiwa sita na kuendelea wanaiweka wenyewe kwenye bili.

Jambo la pili ni meza. Mgeni wa hoteli zao anafunguliwa kubuku siku 60 kabla ya kuingia, na anaweza kubuku hadi siku 10 za safari kwa mkupuo mmoja. Bafe zenye majina zinajaa haraka. Anayelipia mpango kisha akakumbuka kubuku wiki mbili kabla anaangukia mikahawa iliyobaki, na pointi yake ya dola 57 anaimalizia kwenye pasta. Kama mnaingia mapema Novemba, dada, siku 60 ni mapema Septemba. Usingoje.

Pointi zenyewe zinahesabiwa kwa usiku, si kwa siku. Usiku 4 ni siku 5, kwa hiyo milo 8 ya kaunta kwa mtu inatandazwa kwa siku 5. Mnaweza kuanza kuzitumia mara mkishaingia, na zinakufa saa sita usiku siku mnayoondoka. Pointi za chumba zinakaa kwenye fungu moja. Kijana mwenye njaa akichukua milo mitatu kwa siku, siku ya nne mtashangaa. Salio linachapishwa chini ya risiti. Lisomeni pale pale kaunta, kwa sababu kurekebisha mlo uliokatwa mara mbili ni rahisi ukiwa bado umesimama mbele ya mhudumu.

ndegetai

Jamani msiuzike mpango kabisa. Kuna familia unaifaa: wazazi wawili wanaokunywa mvinyo na chakula cha jioni, watoto wawili wa miaka 3 hadi 9, na kila jioni wanataka bafe ya wahusika. Hapo mtoto wa dola 29.69 anakula bafe inayopita dola 35, na bado ana mlo wa kaunta na kitafunio. Hiyo ni faida ya wazi. Pia kuna watu ambao kuona bei kwenye kila menyu kunawaharibia safari, na wako tayari kulipa ziada ili wasizione. Mimi naona ni haki yao.

Ila utulivu huo unapatikana kwa njia nyingine. Nunua kadi za zawadi za Disney kabla ya safari, kila mwezi kidogo kidogo, mpaka zifike bajeti yenu ya chakula. Wenye kadi ya maduka ya Target wanapunguziwa 5%. Zinalipa mkahawani, dukani na hotelini, na kilichobaki hakiishi muda wake. Umelipia kabla, lakini salio linabaki lako.

BiMwana_Columbus

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Naona wa mezani tuuache. Kuhusu halali je? Na kuingia na chakula chetu kunaruhusiwa?

Hesabu_Kwanza

Halali, dada, nayo inasogeza hesabu mbali zaidi na mpango. Nyama ya kaunta usiidhanie kuwa halali. Kwenye mikahawa ya mezani, andika ombi wakati wa kubuku na uwakumbushe kabla ya siku yenyewe, kisha mkifika ongea na mpishi. Bila uhakika huo mnabaki na samaki na mboga. Columbia Harbour House ndani ya bustani ya Magic Kingdom wana samaki na kamba. Satu'li Canteen ndani ya Animal Kingdom wana bakuli la tofu. Vyakula visivyo na kitu cha mnyama vina alama ya jani kwenye menyu. Vingi kati ya hivi ni vya bei nafuu kuliko nyama, na pointi haijali. Inakatwa moja kwa steki na moja kwa tofu.

Chakula chenu kinaruhusiwa kuingia kwenye bustani zote nne. Havitakiwi vyombo vya glasi (isipokuwa vichupa vya chakula cha mtoto mchanga), pombe, barafu iliyomwagwa wazi ndani ya kisanduku wala barafu kavu. Wekeni chupa za maji zilizogandishwa. Kisanduku cha baridi kisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Chapati zilizokunjwa na mayai, matunda na biskuti vinapita bila maneno. Chumbani kuna friji ndogo, lakini vyumba vingi vya kawaida havina maikrowevu, kwa hiyo panga vitu vya kuliwa baridi. Mkila kifungua kinywa chumbani na mlo mmoja kutoka kwenye mkoba, mnahitaji kununua mlo mmoja tu kwa siku, na mpango unaouza milo miwili hauna kazi tena.

Mzee_wa_Tampa

Na pesa mnayookoa pelekeni Sanaa, mkahawa ulioko Kidani Village, upande wa hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Huhitaji kulala pale wala kuwa na tiketi ya bustani siku hiyo. Agizeni sinia ya mikate: naan tatu, moja ya kawaida, moja ya tangawizi na kitunguu saumu, moja ya viungo, pamoja na kulcha ya vitunguu na paratha ya paneer, na vijibakuli tisa vya kuchovya. Kuna chatini ya embe, ya ukwaju, ya nazi na ya kotmiri, raita ya tango, achari ya kitunguu saumu, sambal ya pilipili, jamu ya nyanya na tende, na humusi. Hakuna nyama ndani yake. Bei ni kama dola 23, na watu watatu wanachovya wakashiba. Iko upande wa vianzio, na vianzio mpango hauvilipi! Yaani chakula kinachowafaa ninyi kuliko vyote pale, wenye mpango wanakitolea pesa mfukoni. Bukuni mchana, mkiomba meza ya dirishani mnaona twiga na punda milia wakipita nje.

Kama binti anataka kumwona Mickey, lipieni kifungua kinywa kimoja cha wahusika taslimu. Tusker House iko Harambe, ule mji wa Animal Kingdom uliojengwa kwa kuiga Lamu, na mdogo wa miaka 2 anakula bure.

ndegetai (Juni 2025)

Kwa mnaofika kwenye uzi huu sasa: bei zimepanda. Kwa mwaka 2025 wa kaunta ni dola 60.47 kwa mtu mzima, na wa mezani 98.59. Kwa safari za 2026 Disney wametangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapewa mpango bure wazazi wakinunua wa kwao ndani ya kifurushi. Someni masharti ya tarehe na ya kifurushi kabla ya kulipa.

Hilo linabadilisha jibu kwa baadhi yenu. Chukua familia ya BiMwana kwa bei ya 60.47. Wakinywa soda kila mlo na kukitumia kikombe, kila mtu mzima anapoteza kama dola 6 kwa usiku, wote watatu ni kama 18, wakati chakula cha binti kina thamani ya karibu dola 29. Wanatoka na faida ya dola 11 hivi. Wakinywa maji ya bure na kikombe wakakiacha chumbani, kila mtu mzima anapoteza dola 20 na zaidi, na faida ya mtoto imekwisha. Mwenye watoto wawili au watatu chini ya miaka 10 apige hesabu upya, kuna uwezekano mkubwa ikamfaa. Mwenye watoto wa miaka 10 kwenda juu hajabadilishiwa chochote.