Wauza bampa za Subaru Impreza WRX, mnatuuzia kitu gani hasa?

Wakuu, uzi huu ni wa kulalamika. Anayetaka picha za magari mazuri apite pembeni.

Tangazo ni lilelile kila siku, iwe Gerezani au Kirinyaga Road: "Bampa ya WRX, mpya, inakaa bila kukata." Picha tatu, zote za mbele, na gari lenyewe liko Japani. Ukiuliza imetengenezwa kwa nini, unajibiwa "plastiki nzito mkuu". Ukiuliza ni ya mwaka gani, "Impreza zote". Ukiomba uijaribishe kwenye gari kabla ya kulipa, mazungumzo yanaishia hapo.

Impreza zote? Bodi yenye msimbo wa GD peke yake, ile ya 2000 hadi 2007, ina sura tatu tofauti. Fungua boneti usome kibati cha modeli. Baada ya GDA au GDB kuna herufi, na herufi hiyo ya nne ndiyo inayokwambia ununue nini. A na B ni Bugeye, C, D na E ni Blobeye, F na G ni Hawkeye, majina ya utani ya sura hizo tatu. Taa, boneti, fenda na bampa vya kila sura vinakwenda pamoja kama suti. Muuzaji asiyejua herufi hizo hajui anachouza, na anayezijua akanyamaza ni mwizi tu, sina jina lingine.

Halafu kuna wenye wagoni, hao ndio wanaopigwa zaidi. Fenda za WRX sedani zimetanuka kuliko za wagoni. Chukua bampa ya sedani uipachike kwenye wagoni, kona zinatokeza nje ya fenda pande zote mbili, kama mtu aliyeazima koti la kaka yake. Fundi anasema "usijali, tutaivuta". Kuivuta maana yake ni kuipasha moto na kuipinda kwa nguvu. Ukiiegesha juani wiki mbili inarudi ilikotoka, na rangi imepasuka kwenye mkunjo.

Sasa hiyo "plastiki nzito". Geuza bampa utazame mgongoni. Ya kiwandani ina muhuri uliochapwa kwenye plastiki yenyewe, mfano >PP+EPDM<. Hiyo ni polipropilini (PP) iliyochanganywa na mpira: ukiibonyeza inabonyea na kurudi. Mgongo ukiwa na nyuzi zilizolala ovyo na kuparuza mkono, ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa. ABS, plastiki nyingine, ni ngumu na ina mlio mkavu ukiigonga kwa kucha. Ukipaka asetoni kidogo mahali pasipoonekana, inalainika na kunata kidoleni, wakati PP haishtuki. Poliurethani ni nzito na inanyumbuka kama soli ya kandambili. Kipimo cha asetoni hakimalizi hata dakika tano, lakini ukikitaja dukani unatazamwa kama umekuja kukagua kodi.

Na msinielewe vibaya, faiba si tusi. Varis na ChargeSpeed, kampuni za bampa za urembo, wenyewe kule Japani wanatengeneza kwa faiba. Tofauti iko kwenye kalibu, kile kiolezo kinachoipa bampa umbo. Hizi tunazouziwa ni kopi ya kopi: mtu kachukua bampa iliyokwisha pakwa rangi na pengine kunyooshwa, katengeneza kalibu juu yake, kisha kila bampa inayotoka humo inatolewa kabla haijakauka vizuri kwa sababu kuna oda nyingine inasubiri. Rezini ya poliesta, ile gundi inayogandisha nyuzi, husinyaa inapokauka. Ikitolewa mapema inamalizia kusinyaa ikiwa imeegeshwa ukutani, na inajikunja vile ilivyoegeshwa. Ndiyo maana unapata bampa ambayo upande wa kulia inalingana na taa, na upande wa kushoto kidole kinapita.

Hapo ndipo kanjanja wa rangi anapoingia na puti, ile keki ya kujazia mashimo. Mwanya wa milimita 9 chini ya taa anaujaza keki, anapiga msasa, anapaka rangi, gari linang'aa. Puti ya kawaida haifai kuzidi milimita 2 au 3, na tena si kwenye ukingo unaotikisika. Tuta moja ulilokosea kulipanda, keki yote inabaki barabarani.

Inavyotakiwa kufanyika ni hivi, na sioni kwa nini iwe siri. Bampa ya zamani inatoka kwa kung'oa klipu za juu, skrubu za ndani ya matao ya matairi kila upande na klipu za chini kwenye kinga ya injini, kisha kona zinavutwa nje kutoka kwenye vishikio vya fenda. Waya za taa za ukungu zichomolewe kabla bampa haijavutwa mbele. Kagua vile vishikio vya plastiki. Meno yakiwa yamekatika, badilisha, kwa sababu hata bampa halisi ya Subaru haiwezi kukaa juu ya kishikio kibovu. Bampa nyingi zimetukanwa bure kwa kosa la kishikio.

Bampa mpya inajaribishwa ikiwa haijaguswa hata na praima, rangi ya chini. Taa na fenda ziwe zimefungwa, boneti imeshushwa, na watu wawili, mmoja kila kona. Anzia katikati, ndipo uende pembeni, na skrubu zikazwe kwa mkono tu. Pima mwanya chini ya taa: milimita 4 au 5 ni sawa, na kushoto na kulia kusipishane zaidi ya 2. Ukikuta 3 huku na 9 kule, usikimbilie kukata bampa. Pima kwanza fremu inayobeba rejeta, kona kwa kona, kwa futi. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa kwa kukadiria macho, fremu hiyo imelala upande, na utakata bampa nzima usiipate. Fremu ikiwa sawa, basi kosa ni la bampa, irudi ilikotoka. Kama iko karibu sawa, iache juani saa moja kisha pima tena, maana ikipata joto inabadilika.

Matundu yanatobolewa mwisho. Kwenye faiba, boliti ya milimita 6 ipewe tundu la 8 au 9, na nyuma yake pete pana ya boliti (washa) yenye mpira. Bodi ya gari inajipinda kila ukipanda tuta kwa mshazari, faiba haijipindi. Ukiibana kikamilifu, ufa unaanzia kwenye tundu na kutembea hadi kwenye mdomo wa bampa. Anayekaza skrubu za mabati moja kwa moja kwenye faiba hadi zizame, huyo mnyang'anye drili.

La mwisho, na hili linanikera kuliko yote. Bampa ikigoma kuingia, fundi anatoa sponji ya ndani yake. Ikigoma tena, anakata chuma cha nyuma yake. Anakurudishia gari bila kusema, na vipande vinauzwa chakavu. Ganda la bampa ni pambo. Chuma na sponji ndivyo vinavyopokea pigo kabla halijafika kwenye rejeta na chasisi. Ukienda kuchukua gari, ingiza mkono kupitia mdomo wa bampa upapase. Ukikuta patupu, usilipe.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu mengi umesema kweli, ila sisi wa bodi usitubebeshe zigo lote. Mteja analeta bampa saa nne asubuhi, anataka gari jioni ana harusi. Faiba mpya ina nta ya kalibu juu yake. Isipooshwa kwa sabuni na maji ya moto, ikafutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha ikapigwa msasa, rangi inajitenga na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Hiyo peke yake ni nusu siku. Na wengine wanafuta kwa petroli, ambayo yenyewe inaacha mafuta, halafu wanashangaa.

Kwenye sehemu za kufungia, faiba za madukani ni nyembamba kama kadi. Kabla ya kutoboa, kwaruza mgongo kwa msasa wa 80, weka tabaka 2 au 3 za mkeka wa nyuzi za faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Rezini ni kama kilo mbili na nusu kwa kila kilo ya mkeka. Hadina, dawa ya kugandisha, iwe asilimia 1 hadi 2 ya rezini, na kwa joto la Dar au Mombasa baki karibu na 1. Ukizidisha, inachemka na kupasuka yenyewe ndani ya kopo. Vaa barakoa unapokata, lile vumbi si unga wa sembe.

Mchangiaji wa 3:
Vipi kuhusu zile za PP zilizopasuka, fundi wangu anaziba kwa faiba na rezini kwa ndani. Sawa au si sawa?

Mleta uzi:
Si sawa, na ni kosa la kila mtaa. Rezini ya poliesta haishiki kwenye PP. Inakauka juu yake kama gamba, na ukiinua kwa bisibisi inatoka kipande kizima. PP inachomelewa kwa fimbo ya PP, ABS kwa fimbo ya ABS, na kwenye ufa mrefu zinazamishwa pini za moto kwa ndani kwanza. Hata rangi, PP iliyo wazi inataka dawa yake ya kushikisha kabla ya praima. Bila hiyo, mashine ya kuoshea gari itaibandua kama maganda ya ndizi.

Mchangiaji wa 2, hoja ya haraka naikubali. Lakini bado mteja anaambiwa "jioni utachukua" badala ya "haiwezekani". Semeni haiwezekani.

Anayenunua poliurethani kwa ajili ya kukwaruza matuta, sawa, inavumilia kuliko faiba. Ila isihifadhiwe imesimamishwa kwa kona moja stoo yenye joto, itakupa sura ya tabasamu. Na chumba cha kukaushia rangi isiingie peke yake, iwe imefungwa kwenye gari au imeegemezwa urefu wote.

Wauzaji mliomo humu ninaomba picha tatu tu: mgongo wa bampa, muhuri wake kama upo, na bampa ikiwa imewekwa kwenye gari lenye kibati kinachosomeka. Wa kwanza kuziweka nitanunua kwake bila kupunguziwa bei.