Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kisukari kimefika machoni?

mtafiti_retina: Habari zenu wakuu. Tunatafuta viashiria vya ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kwa watu wenye kisukari cha aina ya 2. Tunayo seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) iliyogandishwa kwa nyuzijoto 80 chini ya sifuri, na tunafikiria kupima VEGF, protini inayochochea mishipa mipya ya damu kuota. Je, majibu yake yanaweza kuamua nani apigwe picha ya retina sasa na nani asubiri?

mezani_maabara: Kuamua hivyo, hapana. Halafu hiyo seramu yenyewe ina kasoro. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hubeba VEGF, na damu inapoganda kwenye chupa huimwaga, kwa hiyo namba inapanda bila jicho kuhusika. Tumia plazma ya sitreti, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda kwa sitreti. Izungushwe kwenye mashine mapema, ndani ya nusu saa hivi, kisha uihamishie chupa nyingine na kuizungusha tena ili chembe sahani zilizobaki zishuke. Ukinyonya usifike chini. Bora upoteze matone machache kuliko kugusa tabaka jeupe la chembe. Gawanya kwenye vichupa vidogo, maana kuyeyusha na kugandisha tena na tena huharibu protini.

Hata ukifanya yote hayo, VEGF inayootesha mishipa mipya hutengenezwa na retina iliyokosa oksijeni. Tangu 1994 inajulikana kwamba hupanda ndani ya maji ya jicho; damu ya mkononi haifuati hali hiyo kwa uaminifu.

kliniki_ya_macho: Msisahau vipimo vya kawaida: HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi 2 hadi 3) na albumini, protini ya damu, inayovuja kwenye mkojo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao DCCT, wa 1993, kwa kisukari cha aina ya 1, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza hatari ya kuanza ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Ila HbA1c hudanganya: mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata namba ya chini isiyo ya kweli, na upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Kwa hao pima fruktosamini, yaani protini za damu zilizoshikwa na sukari, inayosoma wiki 2 hadi 3 zilizopita.

Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi, mtu asiwe na homa, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), wala mazoezi mazito ya jana. Uwiano wa albumini kwa kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) ukifika 30 mg/g katika sampuli 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 hadi 6, figo imeguswa, na retina yake nayo ni ya kutiliwa shaka.

mtafiti_retina: Na HbA1c ikishuka haraka baada ya kuanza insulini?

kliniki_ya_macho: Ikishuka ghafla kutoka juu sana, retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzorota kwa muda. Piga picha kabla ya kuanza dawa, urudie baada ya miezi michache. Usisimamishe matibabu kwa sababu hiyo.

mezani_maabara: Kwenye takwimu, macho mawili ya mtu mmoja msiyahesabu kama watu wawili. Damu ni moja; tumieni kiwango cha ugonjwa cha jicho lililo baya zaidi, na anayesoma picha asione majibu ya maabara.