Naomba ushauri: nibadilishe kichwa cha deki ya CD au nihamie muziki wa mtandaoni?

Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma. Deki inasoma CD za kiwandani vizuri, ila za kuchoma (zilizorekodiwa kwa kompyuta) inazungusha mara tatu nne kisha inaandika NO DISC. Lenzi imefutwa kwa pamba na spiriti, reli imepakwa grisi nyeupe, bado. CD za kuchoma huakisi mwanga kidogo zaidi, kwa hiyo nashuku leza imechoka. Kukaza ile skrubu ndogo ya nguvu ya leza sitaki, inaimaliza upesi. Kichwa chake (kile kipande chenye lenzi na leza) ni modeli ya KSS-213C. Kipya huja na tone la risasi ya kulehemu la kuzuia umeme tuli usiue leza, linalotolewa ukishachomeka utepe wa nyaya.

Njia nyingine ni simu, DAC ya USB (kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya sauti) na waya wa RCA (wa pini nyekundu na nyeupe) hadi kwenye amplifaya. Hofu yangu ni bando: muziki wa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hula MB 144 kwa saa, ubora kamili wa CD (kbps 1,411) MB 635. FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza ubora) hupunguza karibu nusu, lakini mtandao ukiyumba wimbo unakatika.

Au ninakili CD zote kwa FLAC kwenye flashi? Na vichwa feki mnavitambuaje kabla ya kulipa?