Mjadala: Worf alimnyima adui damu. Je, alipaswa kulazimishwa?

Wadau, suala hili limetugawa hapa Ngamiani, Tanga, sasa nalileta kwenu.

Kwa ambao hawajaiona: ni sehemu moja ya tamthilia ya anga za juu, Star Trek: The Next Generation, ya mwaka 1989, inaitwa The Enemy. Chombo cha Waromula, maadui wa wanadamu, kimeanguka kwenye sayari yenye dhoruba kali. Geordi, fundi mkuu wa chombo cha wanadamu, Enterprise, anapotelea huko. Ni kipofu anayeona kwa miwani maalumu (ndiye yule LeVar Burton aliyecheza Kunta Kinte kwenye Roots, wakubwa mtamkumbuka). Anakutana na Mromula, Bochra, ambaye papo hapo anamfanya mateka.

Huku juu chomboni yumo Mromula wa pili, Patahk, yuko mahututi. Mwenye damu inayomfaa ni mmoja tu: Worf, askari wa Enterprise, Mklingoni (jamii nyingine ya angani), ambaye wazazi wake waliuawa na Waromula kwenye kituo cha Khitomer. (Wenyewe wanasema ribosomu. Mie nasema damu, tusichoshane.) Worf agoma. Kapteni Picard amsihi, lakini hamwamuru. Patahk afa.

Msimamo wangu: Picard alifanya sawa. Mwili wa mtu si stoo ya jeshi. Na ushahidi ni wale wawili wa kule chini. Dhoruba iliizima miwani ya Geordi, ikaila mishipa ya fahamu ya Bochra hata kutembea ikawa shida. Mmoja ana ufundi lakini haoni, mwingine ana macho lakini miguu haina nguvu. Wakaiunganisha miwani na kipimo cha mkononi, wakaifuata ishara ya nyutrino (chembe ndogo mno) iliyotumwa kuwaokoa. Nani aliwaamuru?

Karibuni, matusi hapana.

Wa Chumbageni: Shehe, hakuna aliyewaamuru kwa sababu kifo ndicho kilichoamuru! Hiyo nayo unaiita hiari? Worf ni askari, amekula kiapo. Ndani ya Enterprise mna watu zaidi ya elfu moja, nje Tomalak, kamanda wa Waromula, anakuja na manowari yake akitafuta kisingizio. Maiti ya Mromula ni kisingizio tosha. Kapteni anaweza kumtuma askari akafe, halafu ashindwe kumwambia "toa damu"? Hainiingii akilini.

Wa Makorora: Mimi ni muuguzi, niacheni niseme kidogo. Anayekuja kuchangia damu tunampima uzito, asiwe chini ya kilo 50, tunamwangalia wingi wa damu, tunamuuliza maswali. Kisha analala, anaminyaminya kijipira, mfuko unajaa. Hakuna pahala anapoulizwa apewe nani. Mnayegombana mpaka wa shamba huenda anatembea na damu yako mwilini, na nyote hamjui. Kilichomponza Worf ni kuletwa hadi kitandani akamwona mtu mwenyewe.

Na kuna jambo mmeliruka. Patahk naye alikataa! Alisema bora afe kuliko kuchafuliwa mwili na uchafu wa Mklingoni. Mgonjwa ana akili zake, amekataa. Mnataka kumlazimisha Worf ili mkamlazimishe na Patahk?

Wa Chumbageni: Mgonjwa wa maumivu husema mengi, dada.

Wa Makorora: Husema mengi, na mengine tunatakiwa kuyasikiliza.

Wa Raskazone: Mnakwenda mbali hadi kwenye sayari. Hapahapa Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliteremsha wanajeshi kama 8,000 na Wajerumani wenye watu takriban 1,000 wakawatimua. Nyuki nao walitoka mizingani wakawauma wa pande zote, hawakuuliza bendera. Baada ya kushindwa, afisa wa Kiingereza aliingia mjini na bendera nyeupe, akiwaletea dawa majeruhi wao waliokuwa wakiuguzwa hospitali ya Wajerumani. Maadui wale, na walitibiana.

Wa Chumbageni: Mfano mzuri, ila wale walikuwa wageni wawili wakigombea nyumba ya watu. Kusameheana kwao kulikuwa rahisi. Worf ndiye aliyebomolewa nyumba.

Mwenye mada: Ahsante, hapo umenitetea bila kutaka.

Wa Pongwe: Nimewasoma wote kimya. Worf alikuwa mtoto siku ile ya Khitomer. Aliyemtoa kwenye kifusi ni mwanadamu, askari wa Starfleet, jeshi lenye chombo cha Enterprise, na akamchukua kumlea kama mwanawe. Wanadamu na Waklingoni walishapigana miaka mingi kabla ya hapo. Na yule angesema "huyu ni wa damu ya adui", Worf angekuwepo wa kugoma? Kwangu mimi Worf ana deni, na Picard alikuwa na haki ya kulidai.

Mwenye mada: Kaka, kumfukua ilikuwa kazi yake, sawa. Kumpeleka nyumbani akamlea, aliamriwa na nani?