Naomba ushauri: mwongozo wa hifadhidata yetu kila sura ina maneno yake

MtuWaMakupa
Wandugu, salaam. Natumai mko salama na joto hili.

Ofisi yetu hapa Mombasa ina programu ya kufuatilia mizigo ya magodauni: kontena imeingia lini, iko wapi, nani kasaini kuitoa. Chini yake ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata, yaani ya kutunza data kwenye majedwali. Seva kuu iko kwa mteja, na ya pili iko tawi lake jingine, inapokea kila badiliko linalofanyika kwenye ile kuu. Usiku hutolewa pia faili ya pg_dump, yaani data yote kama ilivyokuwa saa hiyo.

Mwongozo wa Kiswahili umeandikwa na kila aliyepita ofisini. Wa kwanza alipenda "hifadhidata", aliyemfuata "kanzidata", wa sasa anaandika "databesi". Hayo nayavumilia. Linaloniumiza kichwa ni "nakala". Sura ya tatu inasema: "Mfumo huweka nakala ya data yako wakati wote." Hapo inakusudiwa seva ya pili. Sura ya saba: "Hakikisha nakala imechukuliwa kabla ya kubadilisha toleo." Hiyo ni faili ya usiku. Halafu kwenye risiti kuna "Chapisha nakala", yaani karatasi.

Sasa mteja mmoja wa Shimanzi alifuta rekodi za kontena kwa bahati mbaya, na wala hakushtuka. Kasoma nakala ipo wakati wote, wasiwasi wa nini? Kwenda seva ya pili, nako hamna kitu. Faili ya usiku ndiyo iliyowasaidia, lakini kazi yote ya asubuhi ile waliiingiza upya kwa mkono kutoka daftari la getini.

Bosi anataka maneno yasawazishwe kabla ya mafunzo ya makarani wapya. Nianzie wapi? Na istilahi niziache kwa Kiingereza au nizitafutie Kiswahili?

Kibokoni_Kodi
Acha Kiingereza kila mahali, umemaliza. Hayo ya kubuni maneno ni kujitafutia kazi.

SevaNaSamli
Kibokoni, Kiingereza nacho kina mitego yake. PostgreSQL ilikuwa na folda iitwayo pg_xlog. Kila badiliko huandikwa humo kwanza, kabla halijafika kwenye mafaili ya data. Umeme ukikatika, seva ikiwaka tena husoma humo ili ijirudishe sawa. Watu diski zikijaa wakaona "log", wakadhani ni makorokoro tu, wakafuta. Data ikaenda na maji. Toleo la 10, mwaka 2017, folda ikapewa jina pg_wal, na maelezo ya toleo yenyewe yalitaja sababu hiyo waziwazi. Skripti za watu zilizotaja jina la zamani ilibidi zirekebishwe, na bado wakaona heri hivyo. Faharasa ya istilahi nayo imeingia kwenye nyaraka zao toleo la 13, mwaka 2020, mradi ukiwa umeshapita miaka 20. Kwa hiyo usijione umechelewa.

Ushauri wangu: usianze na hifadhidata na kanzidata. Hakuna aliyepoteza data kwa sababu ya hayo mawili. Anza na maneno ambayo mtu akiyaelewa sivyo, kitu kinapotea. "Nakala" ndiyo ya kwanza, maana seva ya pili hutii tu. Ukifuta kwenye kuu, kufuta huko kunafika kwa pili pia, mara nyingi kabla hujaondoa mkono kwenye kibodi. Unaweza kuichelewesha kwa makusudi kwa mpangilio uitwao recovery_min_apply_delay, lakini usipoiweka haichelewi. Seva ya pili inakukinga mashine ya kwanza ikiungua. Haikukingi na mkono wako mwenyewe. Vitu viwili vyenye kazi tofauti hivyo haviwezi kuitwa jina moja.

KaraniWaGodauni
Mimi si fundi, ni karani, na miongozo kama hiyo ndiyo tunayopewa. Niwaambie tunavyoisoma: hatuisomi. Tunafungua ukurasa tunaoutaka, tunafanya, tunafunga. Kwa hiyo ukieleza neno sura ya kwanza halafu ukalitumia sura ya tisa ukidhani nakumbuka, pole.

Programu yetu (si yenu, au pengine ni yenu, sijui) ina kitufe "Safisha jedwali". Mwenzangu alidhani ni kupanga vizuri, kuondoa nafasi zilizo wazi. Kumbe ni kufuta kila kitu kilichomo! Mtu wa kawaida akisikia kusafisha anaona jambo jema.

Na hii "Kumbukumbu imejaa". Kumbukumbu ipi? Ya kompyuta? Diski? Zile rekodi za zamani? Tulizima na kuwasha siku nzima, kumbe ni diski.

MtuWaMakupa
Dada, nimeangalia. Ni yetu au ni ndugu yake, maana "Safisha jedwali" ninayo hapa, na nyuma yake ni TRUNCATE, amri inayofuta rekodi zote za jedwali kwa mpigo. Mwongozo wenyewe una "futa" kwa DELETE (kufuta rekodi unazozichagua), "futa" kwa DROP (kuondoa jedwali lenyewe), na "safisha" kwa TRUNCATE. Yaani lile baya kupita DELETE ndilo limepewa jina la upole.

"Kumbukumbu" nimeihesabu maana tatu: RAM ya kompyuta, mafaili ya log (seva huandika humo matukio yake), na rekodi. Na bado kuna "safu". Sura za mwanzo "safu" ni mstari wa kulala, sura za mwisho ni ule wa kusimama.

Maalim_Likoni
Hiyo ya safu inajulikana. Ndiyo maana wengine huandika "safu mlalo" na "safu wima". Ni sahihi, ila kwenye mwongozo mrefu mwandishi huchoka akaacha lile neno la pili, na msomaji anabaki gizani. Mimi ningesema "mstari" na "safu", basi, na mlalo na wima nisiviguse tena.

Chanzo cha yote haya nadhani ni insha. Mtoto shuleni hupewa alama kwa msamiati mpana. Akirudia neno anaambiwa hana lugha. Akikua akaandika mwongozo, aya moja ataandika rekodi, ya pili kumbukumbu, ya tatu taarifa, na zote ni kitu kimoja. Anaona anapamba. Kwenye mwongozo, rudia neno lile lile hata likuchoshe. Msomaji akiona neno jipya ana haki ya kudhani ni kitu kipya.

Tahadhari moja: usibadilishe kwa mkupuo. "Safu zilizofutwa zitaonekana" ukiweka "mistari" mahali pa "safu", unapata "mistari zilizofutwa zitaonekana". Kila kiambishi lazima kifuate: mistari iliyofutwa itaonekana. Kompyuta haitakufanyia hilo. Soma sentensi moja moja.

NyaliTerminal
Maalim kasema kweli. Kutafuta nako kuna vituko. Nilifanya kazi hii kwa mteja wa mafuta. Nikatafuta "futa" nione linavyotumika, nikapata kurasa za "mafuta" tupu. Na ukitafuta neno zima peke yake unakosa imefutwa, ukifuta, kufutiwa. Kwa hiyo tafuta kwa mzizi, ondoa yale usiyoyataka, kisha pitia kwa macho.

Orodha yako iwe jedwali rahisi: kitu chenyewe, neno tulilochagua, maneno yasiyotakiwa. Kuna programu ya bure, Vale, unaipa orodha hiyo kwenye faili ya YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa), nayo inakuonyesha kila mahali neno lililokatazwa limetumika. Lakini uiandikie ruwaza za umoja na wingi wewe mwenyewe, Kiswahili haikijui. Orodha ikae pamoja na msimbo, siyo kwenye laptopu ya mtu. Mtu akiondoka ofisini inaondoka naye.

Kibokoni_Kodi
Sawa, nimesikia. Ila kuna pahali Kiingereza hakikwepeki. Ujumbe wa hitilafu msiutafsiri. Seva ikisema "duplicate key value violates unique constraint", mwongozo uandike hivyo hivyo, herufi kwa herufi, halafu maana yake chini kwa Kiswahili: namba hii ya kontena imeshaingizwa. Mtu atakopi aitafute intaneti; ukimpa tafsiri yako hatapata kitu. Amri pia ziache.

Na "skima" (kundi la majedwali lenye jina lake) muifafanue. Kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, CREATE SCHEMA na CREATE DATABASE ni kitu kimoja. Kwenye PostgreSQL skima iko ndani ya hifadhidata, na hifadhidata moja inaweza kuwa nazo nyingi. Oracle nayo inaifunga skima na mtumiaji. Kama mteja wenu alihama kutoka MySQL, fundi wake atasoma neno lile lile akaelewa jingine.

SevaNaSamli
Hapo umenena. Neno ambalo karani hatalikuta kwenye skrini, libaki la mafundi kwa Kiingereza chake. Atakalolikuta, liwe la Kiswahili na lifanane na skrini.

MtuWaMakupa
Asanteni sana. Nimeanza hivi, mniambie. Seva zitaitwa "seva kuu" na "seva fuasi". Nilitaka "seva ya kusubiri", karani wetu mmoja akaniuliza inasubiri nini. Faili ya usiku itaitwa "akiba". "Nakala" itabaki ya karatasi tu. Aya ya sura ya tatu sasa inasomeka:

"Seva fuasi hupokea kila badiliko la seva kuu, pamoja na kufuta. Seva fuasi si akiba. Ukifuta data kwa bahati mbaya, irudishe kutoka akiba ya usiku. Yaliyoingizwa baada ya akiba kuchukuliwa hayatarudi."

TRUNCATE itakuwa "Futa mistari yote ya jedwali", na DROP "Ondoa jedwali lenyewe". Marefu, lakini hakuna atakayedhani ni usafi.

SevaNaSamli
Nzuri. "Usiku" andika saa kamili, maana saa mbili na saa nane zote ni usiku. Ongeza pia kwamba akiba irudishwe kwenye hifadhidata mpya ya pembeni, kisha zichukuliwe kontena zilizopotea tu. Kuna mtu ataimwaga juu ya ile inayofanya kazi.

KaraniWaGodauni
Na kitufe? Mwongozo ukisema "Futa mistari yote" na skrini inasema "Safisha", nitakitafuta mpaka jioni.

MtuWaMakupa
Kitufe kinabadilishwa toleo lijalo. Hadi hapo mwongozo utakitaja "Safisha jedwali" kama kilivyo, na onyo pembeni yake.

KaraniWaGodauni
Ile karatasi ya maelezo tuliyobandika ukutani niibandue sasa au ningoje?

MtuWaMakupa
Ibandue. Nakutumia nyingine kesho.